Misuli Mbele ya Majaji

Wajukuu zangu, sogeeni. Pale ufukweni mwa ziwa, mjini kwetu Baraka, mmewaona wanaume wanaoshusha magunia kutoka kwenye maboti, na wavuvi wanaorudi alfajiri na ndagala baada ya kuvuta nyavu usiku kucha. Migongo yao ni mipana, mikono imekomaa. Je, mmoja wao akienda kwenye mashindano ya kutunisha misuli, atashinda? Msijibu haraka.

Hapo zamani, mwenye nguvu alijionyesha kwa kubeba vitu vizito. Mmoja wao alikuwa Eugen Sandow, aliyezaliwa mwaka 1867 huko Königsberg, mji uliokuwa wa Prussia. Alizunguka nchi za watu akiinua vyuma. Mwaka 1893 akafika Chicago, Marekani. Msimamizi wake, Florenz Ziegfeld, akang'amua jambo: watazamaji waliikodolea macho misuli yenyewe kuliko chuma kilichoinuliwa. Basi Sandow akawa anasimama jukwaani, anakaza mkono, anageuza mgongo, na watu wanalipa kumtazama!

Tarehe 14 Septemba 1901 akaandaa mashindano makubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Majaji walikuwa watatu: Sandow mwenyewe, mchongaji sanamu Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Mchongaji alitakiwa kwa sababu jicho lake limezoea kupima mwili wa binadamu. Waliangalia ukuaji wa misuli, ulinganifu wake, ukakamavu wake, afya, hata ngozi. Aliyeshinda ni William Murray wa Nottingham.

Ulinganifu ndio kiini cha mchezo huu. Nyinyi watoto wa ziwani mnajua: mtumbwi uliochongwa ukawa mzito upande mmoja hauendi sawa. Mpakuzi wetu ana nguvu za kweli, lakini kazi yake hukuza sehemu inayotumika zaidi, nyingine zikabaki nyuma. Mshindani huzifanyia mazoezi zote: mapaja, mabega, mgongo, hata misuli ya nyuma ya mguu isiyosifiwa na mtu.

Mchezo ukaenea. Mwaka 1965 Larry Scott alishinda Mr. Olympia ya kwanza, jijini New York. Mwaka 1980 wanawake nao wakapata Ms. Olympia yao. Na hapa Kongo? Katika miaka ya 1950 na 1960, mpigapicha Jean Depara aliwapiga picha vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakiwa vifua wazi kando ya bwawa la kuogelea, wamekaza misuli kwa fahari.

Sasa niwaeleze misuli inavyokua. Ukiibebesha mzigo mzito kuliko ilivyozoea, mwili hupata ishara kwamba unahitaji kuiimarisha. Kazi hiyo hufanyika unapopumzika na kulala, na inahitaji protini. Protini haitoki ng'ambo peke yake: ndagala anayo, maharage yanayo, karanga zinazo. Bugali hukupa nguvu ya kufanya mazoezi. Anayefanya mazoezi kila siku bila kula wala kulala anajichosha bure.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa vidonge na sindano za homoni. Dawa hizo zinaweza kuharibu moyo na ini, na kwa kijana zinaweza kuzuia mifupa kurefuka. Wala msikimbilie vyuma vilivyotengenezwa kwa kumimina saruji kwenye makopo mkiwa peke yenu. Kimoja kikikuangukia, mguu unaweza kuvunjika. Anzeni kwa kuogelea, kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu, huku mtu mzima anayejua akiwaangalia.

Na mkiona picha ya mtunisha misuli, msianze na mikono kama wafanyavyo wengi. Tazameni miguu. Jaji mzuri atawauliza habari zake.