Fahamu: M'Baku wa kitabuni si M'Baku wa sinema

Machi 2025, Marvel ilipotangaza waigizaji wa filamu ya Avengers: Doomsday, Winston Duke alikuwamo. Ndiye M'Baku, lile pande la mtu kutoka milimani katika Black Panther. Aliyemjua kwenye sinema tu akimkuta kitabuni atashtuka.

M'Baku aliingia katika katuni za Marvel mwaka 1969 akiwa adui wa Mfalme T'Challa, ndiye Black Panther, kwa jina la Mtu-Nyani. Alimuua gorila mweupe mtakatifu, akaoga damu yake, akala nyama yake ili apate nguvu, kisha akajivika ngozi yake. Mwafrika shupavu, halafu aitwe nyani! Inauma kulisoma hata leo.

Katika filamu ya 2018, mwongozaji Ryan Coogler alilitupa jina hilo. M'Baku akabaki kiongozi wa Wajabari, na sikio la Mswahili halihitaji kuelezwa nini maana ya jabari. Kuna pale anapomtishia mgeni Mmarekani kwamba akitamka neno moja zaidi, atawalisha watoto wake nyama ya mgeni huyo. Kimya kinatanda. Kisha anaangua kicheko: wao hawali nyama. Mla gorila wa kitabuni amezikwa papo hapo.

Shuri, dada yake T'Challa, yeye alibadilika kidogo. Kitabuni, alikozaliwa mwaka 2005, alirithi vazi la Black Panther miaka mingi kabla ya sinema kumvika mwaka 2022. Lakini kwa M'Baku, kwangu mimi, sinema imekishinda kitabu kwa mbali.