Nzi Hazai Nyigu: Somo la Maadui wa Asili wa Wadudu Wachimbao Majani

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Tano tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha hatua za maisha ya mdudu. Alikuwa amejiandaa vema. Majuma mawili kabla ya siku hiyo aliwaagiza wanafunzi wachume majani ya maharage yenye mistari myeupe iliyopindapinda, wayatie katika chupa na kuzifunika kwa kitambaa. Sasa chupa zilikaguliwa ili watoto wamwone nzi aliyetokana na funza. Mtoto mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, nzi wetu amezaa nyigu." Mwanachuo akamjibu kwamba amechanganya wadudu, akamwamuru aketi. Mtoto akaketi, wala hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Mtoto yule alikuwa ameona sawasawa. Aliyekosea ni mwalimu, na kabla yake tulikosea sisi wakufunzi, kwa kuwa maelezo tuliyompa yalimtaja mdudu mharibifu na dawa ya kumwua, yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo.

Mdudu mwenyewe

Nzi mchimba jani, ambaye baadhi ya wakulima humwita mchora ramani, ni mdogo sana. Urefu wake ni kama milimita 2, na rangi yake ni nyeusi yenye manjano. Jike hulitoboa jani kwa ncha ya tumbo lake, hunyonya maji yatokayo, na katika baadhi ya matundu hutaga mayai ndani ya jani. Funza akianguliwa hula nyama ya jani iliyo kati ya ngozi ya juu na ya chini, na njia anayoiacha ndiyo mstari ule mweupe. Akishiba hulipasua jani, huanguka udongoni na kuwa pupa. Mahali penye joto, safari nzima kutoka yai hadi nzi kamili huchukua majuma mawili hadi matatu hivi. Jani lililochimbwa sana hushindwa kujitengenezea chakula, hukauka na kupukutika.

Baadhi ya nzi hawa ni wageni kwetu Afrika Mashariki. Yule aitwaye kitaalamu Liriomyza trifolii aliingia Kenya mwaka 1976 pamoja na vipandikizi vya maua ya krisanthemamu vilivyotoka Florida, Marekani.

Adui zake

Nyigu tunaowazungumzia hapa si wale wajengao viota darini. Hawa ni wadogo kama nzi mwenyewe, na hawamdhuru mtu. Mwalimu hana budi kuwaambia watoto jambo hili mapema, maana wengi wao wameonja mwiba wa nyigu mkubwa. Tunaweza kuwaita nyigu vidusia, kwa sababu watoto wao hukua kwa kumla mdudu mwingine hadi afe. Wako wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kama Diglyphus isaea. Jike hutembea juu ya jani akimtafuta funza, humchoma kupitia ngozi ya jani, humpoozesha, kisha hutaga yai kando yake. Mtoto wa nyigu humla funza huyo kutoka nje. Kabla ya kuwa pupa hujenga nguzo ndogo kwa kinyesi chake ndani ya njia ile, ili paa la jani lisimwangukie. Tena jike hushambulia funza wengine kwa ajili ya kujilisha tu, bila kutaga.

Namna ya pili ni kama Phaedrotoma scabriventris. Huyu hutaga yai ndani ya mwili wa funza. Funza huendelea kula, hutoka jannini na kuwa pupa kama kawaida, lakini kinachokua ndani ya pupa ni nyigu. Huu ndio ufafanuzi wa alichokiona mtoto wa Darasa la Tano. Nyigu wa aina hii waliletwa Kenya kutoka Peru na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, baada ya kuonekana kuwa nzi wageni wamezidi nguvu.

Kwa nini dawa hushindwa

Mwanachuo huweza kuuliza: iwapo dawa ya sumu ipo, nyigu wa nini? Tumjibu kwa kulitazama jani. Funza amefunikwa na ngozi ya jani pande zote mbili, hali nyigu hutembea juu yake pasipo kinga. Dawa nyingi humpata nyigu upesi kuliko funza. Zaidi ya hayo, nzi hawa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi. Hivyo shamba lililopuliziwa mara kwa mara laweza kuwa na michoro mingi zaidi kuliko lile lililoachwa. Hata hivyo tusiwafundishe watoto kuwa nyigu huwamaliza nzi wote. Huwapunguza, na huchelewa kidogo, kwa kuwa ni lazima funza wawepo kwanza.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wachume majani yaliyochorwa kutoka shamba la shule, wayainue kwenye mwanga na kumtafuta funza mwishoni mwa mstari, penye upana mkubwa.

2. Majani yatiwe katika chupa yenye karatasi kavu chini, ifunikwe kwa kitambaa chepesi na kuwekwa kivulini. Chupa ikizibwa kabisa majani huoza.

3. Pupa zikionekana juu ya karatasi, kila moja itengwe katika kichupa chake chenye pamba mdomoni. Hatua hii isirukwe, maana ndiyo inayothibitisha kuwa katika pupa moja hutoka mdudu mmoja: ama nzi, ama nyigu. Majani nayo yatunzwe, kwa kuwa nyigu wa namna ya kwanza hutokea humo.

4. Kwa kioo cha kukuzia, wanafunzi wawatambue wadudu. Nzi ana mabawa 2 na doa la manjano mgongoni. Nyigu ana mabawa 4 na kiuno chembamba.

5. Wahesabu nzi na nyigu, waandike katika jedwali, kisha nyigu waachiliwe shambani.

Kama hatokei nyigu hata mmoja, mwalimu asiliite somo limeharibika. Awaulize wanafunzi: je, shamba hili lilipuliziwa dawa lini?

Baada ya somo lile tulimwomba mwanachuo wetu arudi darasani kesho yake na vichupa. Alimwita yule mtoto mbele, akawaambia wenzake kuwa mwenzao aliona kweli, na kwamba mwalimu ndiye aliyekuwa hajui. Kisha akamwuliza: "Wewe uliiona pupa. Unadhani nyigu aliingiaje?" Mtoto alifikiri kwa muda, akajibu, "Labda aliingia angali yai." Jibu hilo halikuwamo katika maelezo yetu. Sasa limo.