Okidi ya Chui na Mikono Inayoitunza

Mwalimu mmoja mstaafu alifika katika kliniki yangu ya ngozi akiwa na kidonda kisichopona kwenye kidole, pamoja na vinundu vitatu vilivyojipanga kuelekea kwenye kiwiko kama shanga katika uzi. Nilimwandikia dawa ya bakteria kwa wiki mbili, haikusaidia. Aliporudi, ndipo nilipomuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: mikono yake hufanya kazi gani nyumbani? Akajibu kwamba hupanda maua, na kwamba alichomwa na waya alipokuwa akiifunga okidi yake kwa kuvumwani. Maabara iliotesha fangasi wa jamii ya Sporothrix. Alitumia itrakonazoli kwa miezi mitano, akapona. Siku ya mwisho alitaka kujua jambo moja tu: je, okidi aitupe?

Nilimwambia asiitupe. Okidi yake ni Ansellia africana, iitwayo okidi ya chui kwa sababu ya maua yake ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Ni mmea wa asili wa Afrika, nao hupatikana hata katika mwambao wetu, ukiishi juu ya miti mikubwa bila kuinyonya. Mashina yake manene, mfano wa vipande vya miwa, huhifadhi maji kwa ajili ya kiangazi. Baadhi ya mizizi huelekea juu, ikiwa myembamba na yenye ncha, ikafanya kitu kama kikapu cha kudakia majani makavu. Majani hayo yakioza huwa chakula cha mmea. Watu wengi huikata mizizi hiyo wakidhani imekauka. Iacheni.

Kosa linaloua okidi nyingi za majumbani ni kuipanda kwenye udongo. Mizizi yake imezoea hewa. Ikizibwa na udongo uliolowa huoza. Tumia kikapu cha waya au chungu chenye matundu mengi, ujaze vipande vya makumbi ya nazi, mkaa na magamba ya mti. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni yana chumvi, hivyo yaloweke kwa siku kadhaa huku ukibadilisha maji. Mahali pafaapo ni kibarazani penye jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana.

Machipukizi yanapokua, mwagilia asubuhi, kisha subiri mizizi ikauke kabla ya kumwagilia tena. Mzizi uliolowa huonekana wa kijani, uliokauka ni mweupe. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho. Mashina yakishakomaa punguza maji sana, yatoshe tu mashina yasinyauke. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Usiihamishe ovyo, kwani huchukia kusumbuliwa.

Usinunue okidi iliyobanduliwa porini. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula, hivyo haziwezi kuota bila kusaidiwa na fangasi maalumu. Fungu linalong'olewa kwa panga dakika chache halirudi upesi. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Omba kipande chenye mashina matatu au manne kutoka kwa mtu anayeotesha mwenyewe.

Sasa mikono. Mwaka 1988 nchini Marekani, watu 84 katika majimbo 15 waliugua sporotrikosisi iliyotokana na kuvumwani iliyofungashiwa miche ya miti. Ugonjwa huu si wa kawaida, lakini kinga yake ni glavu ngumu na mikono mirefu ya nguo. Ukichomwa, osha jeraha kwa maji na sabuni papo hapo. Mfuko wa mboji ufunguliwe nje, mbali na uso, na mboji inyunyiziwe maji ili vumbi lisipae, kwa kuwa huweza kubeba bakteria wa Legionella wanaoleta nimonia. Mwenye kinga dhaifu ya mwili, kwa mfano anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, ni afadhali amwachie mwingine kazi ya kubadilisha chungu.

Sahani ya kukinga maji chini ya chungu ni mazalio ya mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengi. Kuimwaga peke yake hakutoshi: mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, basi isuguliwe kila wiki. Mimi ningeiondoa kabisa.

Wapo pia wanaouliza kama mizizi yake ichemshwe iwe dawa. Hakuna kipimo salama kilichothibitishwa, na mgonjwa aliye katika matibabu amweleze daktari wake kila anachokunywa.

Kwa wahudumu wenzangu: kidonda cha mkononi kisichopona, chenye vinundu vinavyopanda kwa mstari, kipelekwe rufaa. Pamoja na sporotrikosisi, fikirieni pia kifua kikuu cha ngozi na leishmania. Kipande cha ngozi kichukuliwe kwa ajili ya kuotesha fangasi kabla ya kuanza dawa, na fomu ya maabara itaje kwamba mgonjwa hushika mimea.