Kundi Hufanya Kazi Yake Kabla ya Siku ya Mbio

Kila mwaka, Februari inapoelekea ukingoni, Moshi hujaa watu waliovaa fulana za kufanana. Wengi wamekuja kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, kilomita 21 na mita 97 na nusu, na wamekuja kwa makundi: wafanyakazi wa ofisi moja, watu waliosoma pamoja, majirani wa mtaa mmoja, klabu za jogging kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Ukiwauliza kwa nini hawakuja mmoja mmoja, watakujibu kwamba kundi linatia moyo, na moyo wanaoufikiria ni wa siku yenyewe: kuanza pamoja, kupandisha pamoja, kumaliza pamoja. Nadhani faida hiyo wanaitafuta mahali pasipo pake. Marafiki wana nguvu kubwa juu ya mkimbiaji wa kawaida, lakini nguvu hiyo hufanya kazi katika miezi mitatu ya nyuma, alfajiri zile ambazo hapakuwa na mpiga picha wala medali. Siku ya mbio, kushikiliana mwendo mmoja kunaweza hata kuwaumiza.

Sababu iko katika namna mwili unavyojijenga. Mtu anayejizoeza kukimbia mbali hubadilika polepole: moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na kano zinazoshikilia misuli kwenye mifupa hukomaa. Kano huchelewa kuliko pumzi. Ndiyo maana mgeni wa mbio, baada ya mwezi mmoja, hujiona ana pumzi ya kutosha, akaongeza kasi, kisha akaanza kulalamika goti au mfupa wa mbele wa mguu. Mabadiliko haya hayaletwi na siku moja ya kujitesa. Huletwa na kurudia: mara tatu au nne kwa wiki, pamoja na mbio ndefu moja inayorefushwa kidogo kidogo, kutoka kilomita 6 au 7 za mwanzo hadi 16 au 18 wiki chache kabla ya mashindano. Kwa mtu mwenye kazi, watoto na foleni za barabarani, kikwazo kikubwa cha kumaliza kilomita 21 ni Jumanne ya wiki ya sita, saa kumi na moja alfajiri, manyunyu yanaanguka, na hakuna atakayejua kama hakutoka. Akiwapo mwenzake anayemngoja kwenye kona ya barabara, hesabu ya asubuhi ile inabadilika kabisa.

Kwamba marafiki huvutana namna hii si dhana tu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Sinan Aral na Christos Nicolaides, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wakimbiaji zaidi ya milioni moja ambao vifaa vyao vilirekodi kila mbio na kuwaonyesha marafiki zao. Ugumu wa swali hili unajulikana: watu wanaopenda kukimbia huchagua marafiki wanaopenda kukimbia, kwa hiyo kufanana kwao hakuthibitishi kwamba mmoja amemvuta mwingine. Watafiti hao waliutumia ujanja wa hali ya hewa. Mvua ikinyesha katika mji mmoja, wakimbiaji wa huko hupunguza. Swali likawa, je, rafiki aliye mji mwingine, kwenye ukavu, naye hupunguza siku hiyo? Alipunguza. Walikadiria kwamba kilomita moja ya ziada aliyokimbia rafiki ilimwongezea mwenzake takriban mita 300 siku hiyohiyo. Wakaona pia kwamba wakimbiaji wasio na bidii sana huwavuta wenye bidii kwa nguvu kubwa kuliko wenye bidii wanavyowavuta wasio na bidii. Mtu anapoona aliyekuwa nyuma yake anamkaribia, hutoka nje. Mita 300 zinaweza kuonekana kidogo, lakini watu hao waliona tarakimu tu kwenye simu. Mimi naamini rafiki aliyesimama barabarani na raba zake mguuni ana uzito mkubwa zaidi ya hapo.

Lipo na jambo la maumivu. Huko Oxford, wapiga makasia 12 wa chuo kikuu walifanya zoezi kwenye mashine kwa dakika 45, siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine kwa pamoja wakienda mapigo mamoja. Kazi ilikuwa ileile, lakini walipopimwa baadaye, waliofanya pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipofanya peke yao. Ni utafiti mdogo na sitaubebesha mzigo usiouweza. Hata hivyo, yeyote aliyepita mchakamchaka wa shule au wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) atalitambua jambo hilo: mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, miguu inatua kwa pamoja, na kilima ambacho mtu angekilalamikia akiwa peke yake kinapitwa watu wakiimba.

Wapo watakaopinga kwamba mbio ni mchezo wa mtu mmoja, na mabingwa wetu ndio ushahidi. Filbert Bayi, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alichomoka mbele tangu mwanzo na hakumngoja mtu. Ni kweli. Lakini tazama nyuma yake: John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alipita chini ya rekodi ya zamani kwa sababu kulikuwa na mgongo wa kufukuza. Au mchukue Eliud Kipchoge wa Kenya, anayehesabiwa kuwa mfano wa nidhamu ya mtu binafsi. Umaarufu wake uliundwa katika kambi ya Kaptagat, akifanya mazoezi na wenzake chini ya kocha Patrick Sang. Na tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42 jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wakimbiaji 41 walipokezana kumkinga upepo na kumshikia mwendo. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, na miongoni mwa sababu ni hao wasaidizi waliokuwa wakiingia na kutoka njiani. Msaada wa wenzako ni mkubwa kiasi kwamba sheria za riadha zinauwekea mipaka. Ila sisi wa kawaida tusijidanganye kwamba tutapata faida ileile ya upepo. Kwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa kilomita 21, kinga hiyo ni ndogo sana. Tunachoweza kuiga ni Kaptagat, kwa maana ya kukutana kila siku iliyopangwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nalikubali kwa sehemu kubwa: kundi huumiza watu. Wenye nguvu hutangulia, wa nyuma wanaona aibu, wanajilazimisha, na baada ya wiki mbili mmoja anachechemea na mwingine ameacha kuja. Kosa hapo ni kumwachia mwenye kasi kuongoza. Mbio ndefu ya mwisho wa wiki inapaswa kwenda kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema katikati, na anayepaswa kukaa mbele ni mwenye pumzi fupi kuliko wote. Mchakamchaka uliijua kanuni hii kabla ya saa za kupima mapigo ya moyo: wanaoitikia wakishindwa kuitikia, kiongozi anapunguza. Mwenye nguvu akitaka kujipima ana siku nyingine za wiki, au amalize na wenzake kisha aongeze kilomita zake.

Siku ya mashindano ndipo utaratibu unapogeuka. Njia ya nusu marathoni ya Moshi hupandisha kuelekea Mweka kabla ya kugeuka na kuteremka mjini. Anayepandisha kwa pumzi ya rafiki yake hutumia akiba yake ya wanga mapema na kulipia deni kwenye mteremko, kwa sababu kushuka nako huchosha misuli ya mbele ya mapaja kuliko watu wanavyotarajia. Anayejizuia ili asimwache mwenzake hupoteza kile alichokifanyia kazi. Kwa hiyo muagane mwanzoni, bila lawama, mkimbie wawili wawili au watatu watatu mnaokaribiana mwendo. Wawili wanatosha kwa jambo moja la lazima: mtu aliyezidiwa na joto mara nyingi halitambui hilo mwenyewe. Akianza kuyumba au kujibu maneno yasiyoeleweka, mwenzake ndiye atakayemsimamisha na kumwitia mhudumu.

Kwa wanawake, kundi lina hoja ambayo haihitaji utafiti. Anayetoka peke yake saa kumi na moja barabara ikiwa na giza hukutana na maneno machafu, pikipiki zinazopunguza mwendo ubavuni mwake, na mbwa. Wakiwa watano, wanaipata barabara. Klabu inayopanga saa, mahali pa kukutana na njia ya kurudi hadi mwanamke wa mwisho afike kwake imefanya zaidi kuliko inayogawa fulana.

Linalosikitisha ni jinsi makundi mengi yanavyovunjika Jumatatu baada ya mbio. Pumzi iliyojengwa kwa wiki 12 huanza kupungua ndani ya wiki chache za kukaa, na msimu unaofuata watu wanaanza upya wakiwa wazito zaidi. Kundi linaloitaka afya, mbali na medali, hupanga tarehe ya mbio fupi ya baadaye kabla ya kusafiri kwenda Moshi: Jumamosi ya pili baada ya mashindano, kilomita 5, mwendo wa kuongea, kona ileile.