Kundi la Kwanza la Kuku katika Joto la Pwani

Anayekusudia kufuga kuku wachache uani, katika miji yenye joto na unyevu kama Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hana budi kufikiria banda kabla ya kuku, kwa kuwa kuku hana tezi za jasho, na joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida hukaribia nyuzi 41 za Selsiasi, hulipunguza hasa kwa kutweta, yaani kupumua harakaharaka huku mdomo ukiwa wazi na mabawa yakiwa yameachana na mwili. Unyevu wa pwani huudhoofisha uwezo huo. Kwa hiyo banda huelekezwa mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu, pande ndefu zikawa za wavu unaopitisha upepo, na paa likaezekwa makuti, ambayo hayapitishi joto ndani kama bati tupu.

Kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Kuwarundika ni kuwatesa. Wale wa kishingo, ambao shingo zao hazina manyoya, hustahimili joto vizuri zaidi. Maji yakae kivulini na kubadilishwa mchana, maana yakipata moto kuku hupunguza kunywa.

Zaidi ya yote, chanjo ya mdondo, ugonjwa wa virusi unaoweza kufyeka kundi zima kwa siku chache, isikose: ile ya matone ya jicho iitwayo I-2 hurudiwa kila baada ya miezi 3, hata kuku wakionekana wazima, kwa sababu mdondo hauna tiba.