Mahali Kingamwili Inaposhika: Mzio wa Panya wa Maabara

Mtumishi alishaye panya wa maabara na kusafisha vizimba vyao huweza kufanya kazi hiyo miezi mingi bila dhara. Kisha huanza kupiga chafya, macho humwasha, na hatimaye hupatwa na pumu. Panya hawakumwambukiza ugonjwa wowote. Ni mwili wake mwenyewe unaopigana na protini isiyo na sumu.

Protini hiyo, iitwayo Mus m 1, hutengenezwa katika ini la panya mdogo na kutoka pamoja na mkojo. Madume hutoa nyingi kuliko majike. Mkojo ukaukapo, protini hupeperuka na vumbi la maranda hadi puani mwa mtu. Humo hukutana na kingamwili za aina ya IgE, ambazo Kimishige na Teruko Ishizaka walizieleza mwaka 1966.

Je, kingamwili huishika protini nzima? La. Kila moja hushika sehemu ndogo tu ya uso wake, mithili ya ufunguo katika kufuli. Protini moja ikishikwa na kingamwili mbili zilizo jirani juu ya seli, histamini humwagika na maradhi huanza.

Sehemu hizo hutafutwaje? Mwaka 1984 Mario Geysen na wenzake, nchini Australia, walionyesha jinsi ya kuunda vipande vifupi vya protini juu ya vijiti vya plastiki. Kila kipande hujaribiwa kwa kingamwili, na kile kinachoshikwa hujulikana. Lakini protini ni mnyororo uliokunjamana. Sehemu zilizo mbali katika mnyororo huweza kukutana usoni na kufanya mahali pamoja pa kushikwa. Vipande vifupi haviwezi kuonyesha jambo hilo. Kwa hiyo wataalamu hubadilisha asidi amino moja katika protini nzima, kisha hutazama kama kingamwili bado zaishika.

Faida yake ni kubwa. Tiba ya kuuzoesha mwili kwa sindano za protini ileile huweza yenyewe kuleta shambulio. Protini iliyoharibiwa mahali pa kushikwa yatazamiwa kuufundisha mwili bila hatari hiyo. Hadi tiba hiyo ipatikane, kinga ni barakoa, glovu na vizimba vyenye hewa iliyochujwa. Haifai mtumishi alazimike kuchagua kati ya kazi yake na pumzi yake.