Ebola ya Beni: kwa nini kura ndiyo iliyochagua dawa ya mgonjwa

Kuanzia tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka wa 2018, katika kituo cha matunzo ya Ebola cha Beni, munganga hakuwa tena na ruhusa ya kuchagua dawa. Mgonjwa akihakikishwa kuwa na virusi, na yeye ao jamaa yake wakikubali, aliingizwa kwa kura katika moja ya makundi, na dawa ya kundi hilo ndiyo aliyopewa. Watu wawili wa nyumba moja wangeweza kupata dawa mbili tofauti. Kisha vituo vya Mangina, Katwa na Butembo vikaingia katika mpango huohuo.

Kwa familia nyingi jambo hilo lilikuwa gumu kumeza. Eneo lote lilikuwa limejaa maneno kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa. Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka wa 2019 kituo cha Katwa kilishambuliwa, na siku tatu baadaye ikawa zamu ya Butembo. Katika hali kama ile, kumwambia mzazi kwamba dawa ya mtoto wake imepigiwa kura kulifanana na kucheza na maisha. Na bado, jaribio hilo, lililopewa jina la Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha, ndilo lililotoa jibu ambalo ulimwengu ulikuwa unalitafuta tangu mwaka wa 1976.

Kanuni yake haikutoka mbali. Wanafunzi wengi wa biolojia wameipitia kwa mikebe ya maharagi. Mwalimu anauliza: je, mbolea inaharakisha maharagi kukua? Jibu ambalo mwanafunzi anaandika kabla ya kuona chochote, shuleni wanaliita ipotezi. Lazima liwe jibu ambalo maharagi yenyewe yanaweza kulikanusha. Mkebe mmoja unatiwa mbolea, mwingine hapana. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale, jua ni lilelile. Mkebe usio na mbolea, Kifaransa cha shule kinauita témoin, yaani shahidi. Asipokuwepo shahidi, mwanafunzi ataona maharagi yamemea na kusifu mbolea, kumbe mvua ndiyo iliyofanya kazi. Na mkebe mmoja kwa mmoja hautoshi, maana mbegu moja inaweza kuwa imeoza tangu ghalani.

Ni rahisi kuyasema hayo juu ya maharagi. Ugumu unaanza pale mkebe unapokuwa kitanda na ndani yake amelala mtu.

Wakongo walikwisha kutana na ugumu huo mwaka wa 1995 huko Kikwit, ambako Ebola iliua karibu watu 8 kwa kila 10 walioambukizwa. Wanganga, kati yao Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikwisha kuuona ugonjwa huo Yambuku mwaka wa 1976, walikuwa na ipotezi ya wazi: damu ya mtu aliyepona ina silaha za kupigana na virusi, basi ikiongezwa kwa mgonjwa itamsaidia. Wagonjwa 8 waliongezewa damu ya namna hiyo. Alikufa 1 peke yake.

Kwa mtu wa kawaida, kesi imekwisha. Kwa mwanasayansi, bado. Damu hiyo ilitolewa wakati mlipuko ulikuwa unaelekea mwisho, na matunzo katika hospitali yalikuwa yamekwisha kuwa bora kuliko mwanzoni. Baadhi ya wale 8 walikuwa wamekwisha kuishi na ugonjwa siku nyingi, na mwenye kufika mbali hivyo pengine alikuwa njiani kupona. Ni damu iliyowaokoa, ao matunzo, ao nguvu yao wenyewe? Hakukuwa na kundi la pili la kuulizwa. Miaka 20 baadaye, huko Guinea, wagonjwa 84 walipewa plasma ya watu waliopona. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2016 hayakuonyesha faida ya wazi.

Lakini wazo la Kikwit halikutupwa. Kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona mwaka ule wa 1995, watafiti walitoa antikoro moja, yaani askari mmoja wa mwili anayejua kukamata virusi hivyo, na kuifanya dawa inayoitwa mAb114. Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulipotangazwa mwezi wa 8 mwaka wa 2018, dawa hiyo na nyingine zilitolewa kwanza kwa huruma, kila munganga akichagua kwa kadiri alivyoona. Wengine walipona, wengine walikufa. Kwa njia hiyo, hata zikipita dawa elfu moja, swali la Kikwit lingebaki palepale.

Ndiyo sababu ya kura. Munganga akiachiwa kuchagua, kwa moyo mwema kabisa, atampa aliye hoi ile dawa anayoiamini zaidi. Mwishoni dawa hiyo itaonekana mbaya, kwa kuwa ilibeba wagonjwa wazito peke yao. Katika Pamoja Tulinde Maisha, wagonjwa walitenganishwa kwanza kwa wingi wa virusi katika damu, kisha kura ikapigwa, ili kila kundi lipate wazito na wepesi kwa usawa. Kila mtu, katika kila kundi, alipata matunzo yaleyale: serumu, chumvi za mwili, dawa za maumivu na za maambukizo mengine. Watoto na wanawake wenye mimba hawakuachwa inje.

Na shahidi? Hapa watu wengi walidhani kuna kundi lililopewa maji tu. Haikuwa hivyo. Kundi-shahidi lilipewa ZMapp, dawa iliyokuwa imejaribiwa katika mlipuko wa Afrika ya Magharibi. Kule, kati ya wagonjwa 36 waliopewa ZMapp walikufa 8. Kati ya 35 walioikosa walikufa 13. Inapendeza kusikia, lakini watu hao ni wachache mno kuthibitisha lolote. Ilitosha tu kufanya iwe vigumu kumnyima mtu dawa hiyo. Nyingine, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3, zililinganishwa nayo. REGN-EB3 iliingia baadaye, mwezi wa 1 mwaka wa 2019, kwa hiyo ilipimwa tu na wale wa ZMapp waliopokelewa tangu wakati huo. Kosa moja dogo hapo, kwa mfano kuichanganya na wagonjwa wa mwezi wa 11, lingeharibu hesabu yote.

Jaribio lilikuwa na udhaifu wake. Dawa hazikufichwa: moja ilitiwa mara moja tu katika mshipa, nyingine siku nyingi mfululizo, na kila mtu kituoni alijua nani anapata nini. Lakini kilichohesabiwa ni kifo ndani ya siku 28, na kifo hakibadiliki kwa maoni ya muuguzi.

Tarehe 9 mwezi wa 8 mwaka wa 2019, kamati ya kujitegemea iliyokuwa inachungulia hesabu, ikiwa na matokeo ya wagonjwa 499, ilishauri kura isimamishwe kwa ZMapp na remdesivir. Tofauti ilikuwa imevuka mpaka uliowekwa tangu mwanzo. Hesabu za mwisho zilitoka mwezi wa 11: kwa ZMapp walikufa 84 kati ya 169, ni kusema karibu nusu, kwa remdesivir 93 kati ya 175, kwa mAb114, ile ya damu ya Kikwit, 61 kati ya 174, kwa REGN-EB3, 52 kati ya 155.

Remdesivir ilikuwa imeponya nyani katika maabara. ZMapp ilitoka Afrika ya Magharibi na sifa zake. Ipotezi zote mbili zilikuwa na akili, na zote mbili zilianguka Beni.

Kuna jambo ambalo takwimu hizo hazipunguzi uzito wake: kuna wafu wa ZMapp na wa remdesivir ambao pengine wangeishi kama kura ingewaangukia vingine. Siku walipoingia kituoni hakuna mtu aliyejua dawa gani ni bora, na hiyo ndiyo haki pekee ya kupiga kura. Siku ilipojulikana, kura ya ZMapp na remdesivir ilisimama, na wagonjwa waliofuata wakapewa moja ya zile mbili zilizoshinda.

Jaribio lilionyesha pia kwamba kila siku mgonjwa anayokaa nyumbani na homa inaongeza hatari ya kifo. Kati ya walioingia na virusi kidogo katika damu na kupata moja ya dawa mbili bora, karibu 9 kwa 10 walipona.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020, ukiacha wafu 2.287. Mwaka huohuo dawa hizo mbili zilikubaliwa Marekani, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likazipendekeza kwa inchi zote. Lakini zilijaribiwa juu ya aina moja ya Ebola, ile inayoitwa Zaire. Virusi vilivyoshambulia Isiro mwaka wa 2012 ni vya aina ya Bundibugyo, na kwa hivyo Pamoja Tulinde Maisha haikupima lolote. Kwa hivyo itabidi kuandika ipotezi nyingine, na kutafuta shahidi mwingine.